Mjadala wa Njia ya Dharura katika Mji wa Bagamoyo

Mtu aingiaye Bagamoyo kwa barabara itokayo Dar es Salaam, akiisha kuviacha nyuma viunga vya Kunduchi, Bunju na Mapinga, hukutana na mji wenye nyuso mbili. Uso wa kwanza umeelekea bahari: ni wa mawe na chokaa, wa milango ya nakshi na vibaraza vipana, uliojengwa kwa fedha ya pembe za ndovu na kwa mabega ya watu waliozibeba. Uso wa pili umeelekea bara: ni wa nyumba za udongo na za matofali, za mabati na za makuti, ambazo zimezidi kusogeleana mwaka hata mwaka, hata katika vichochoro ambamo hapo kale punda wawili wenye mizigo waliweza kupishana, leo mwanamke mwenye ndoo kichwani hapiti mpaka mwenziwe ajibanze ukutani. Katika uso huu wa pili ndimo wakaamo watu wengi na ndimo wazaliwamo watoto wengi, na humo moto ukizuka hautapata wa kuupinga.

Haja ya njia ya dharura, yaani njia itakayopitisha gari la zimamoto na gari la wagonjwa mpaka kitovuni mwa mtaa, si haja ya anasa basi. Lakini ardhi ya Bagamoyo nayo si ardhi tupu. Huko Kaole, mwendo mfupi kusini ya mji, yako magofu ya msikiti ambao wataalamu huurudisha nyuma mpaka karne ya 13. Na katika mji wenyewe, kabla Wajerumani hawajauhamishia mji mkuu wao Dar es Salaam mwaka 1891, misafara kutoka Tabora na Ujiji ilikuwa ikitua mizigo yake kwa miaka mingi. Penye watu wengi waliopita, aghalabu pana wengi waliobaki.

Nimelisikiliza jambo hili likizungumzwa katika vibaraza zaidi ya kimoja, kwa hasira mara nyingine na mara nyingine kwa machozi, na hoja nilizozisikia nimezikusanya hapa katika baraza moja na usiku mmoja. Majina ya watu sikuyatia, kwa kuwa hoja ndiyo niitakayo, si mwenye hoja. Wala mtaa wenyewe sikuutaja, maana mitaa iliyo katika hali yake ni mingi kutoka Kunduchi mpaka Saadani. Msomaji na auone mkeka uliotandikwa baada ya sala ya isha, birika la kahawa juu ya makaa, sahani ya kashata, na ramani iliyokunjuliwa ikaelemewa vikombe pembe nne ili upepo wa kusi usiichukue.

MHANDISI: Shikamooni wazee wangu.

MZEE WA MJI: Marahaba, mwanangu. Sema, twakusikiliza.

MHANDISI: Sikuja kuuvunja mji, nimekuja kwa sababu mji unaweza kuvunjika wenyewe kwa usiku mmoja. Gari la zimamoto haliombi barabara ya fahari. Linaomba upana wa mita 4, kona ambayo halitakwama, na ardhi ngumu ya kuhimili uzito wa maji liliyobeba. Katika mtaa huu hakuna hata kimoja cha vitu hivyo vitatu. Moto ukishika jiko la nyumba moja ya makuti wakati wa upepo kama huu, utakuwa umekwisha fika msikitini kabla mtu hajaeleza nyumba iliko kwa aliyepokea simu ya 114. Soko kuu la Kariakoo liko katikati ya jiji na lina barabara pande zote, nalo liliteketea usiku wa 10 Julai 2021. Je, mtaa usioingilika hata kwa bajaji utasalimika kwa kitu gani? Wala msiniambie kwamba moto ni adui wa vitu vipya peke yake. Makaburi ya Makabaka pale Kasubi, mjini Kampala, ambapo wamelala wafalme wanne wa Buganda chini ya paa la nyasi ambalo dunia nzima ililistaajabia, yaliungua usiku wa 16 Machi 2010, na ilipita miaka 13 hata UNESCO ikayatoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kilichokwisha kuwa majivu, wazee wangu, hakifanyiwi tena tathmini. Kwa hiyo mimi najiona kuwa mlinzi wa mambo ya kale kama mlivyo ninyi. Na mstari niliouchora ni mwepesi: unatoka barabara ya lami, unapita nyuma ya msikiti, unaukata ule uwanja wa wazi wenye mbuyu na kisima, kisha unatokea upande wa pili. Haugusi nyumba hata moja. Hakuna atakayeamka asubuhi akute alama ya X nyekundu ukutani mwake, wala hakuna wa kulipwa fidia.

Maneno haya ya mwisho aliyasema kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi, na hakika ilikuwa zawadi, kwa kuwa wengi pale mkekani waliyajua machungu ya fidia inayongojewa mpaka mwenye kuidai anazikwa. Lakini Mzee alikuwa ameinama juu ya ramani, kidole chake kimesimama juu ya sehemu nyeupe isiyo na alama yoyote.

MZEE WA MJI: Hapa pameandikwaje?

MHANDISI: Hapakuandikwa kitu, mzee wangu. Ni pahali wazi.

MZEE WA MJI: Mwanangu, wewe umesoma na mimi sikusoma kama wewe, lakini nikuulize. Mtaa huu watu wamebanana hata choo cha huyu kimegusana na jiko la yule. Ndugu wamegombana kortini kwa ajili ya hatua tatu za ardhi. Sasa uwanja mzima ukae wazi miaka yote hiyo, asijenge mtu, asilime mtu, asifunge mbuzi mtu, nawe useme ni pahali wazi? Pahali wazi katika mji uliosongamana hapakuachwa kwa kusahauliwa. Pamehifadhiwa. Sisi tulipokuwa watoto tulikatazwa kucheza pale. Tukiuliza sababu, bibi yangu alijibu maneno matatu tu: wamelala wageni hapo. Nilipopata akili nilifahamu kwamba wageni hao ni wapagazi na watumwa, watu wa Unyamwezi na Manyema na kwingineko, walioshuka na misafara wasipande nayo tena. Kipindupindu kilipopita katika mwambao huu mwaka 1869 na 1870, nani aliyekuwa na nafasi ya kumchongea jiwe mtu asiyejulikana baba yake? Walifukiwa, wakasomewa kama alikuwapo wa kuwasomea, mji ukaendelea na biashara yake. Jiwe hawana. Walichopewa na mji huu ni kitu kimoja tu, nacho ni kutojengewa juu.

MHANDISI: Je, mzee wangu, iko hati yoyote? Iko ramani ya zamani?

MZEE WA MJI: Hati ni mimi, na wenzangu wawili waliobaki.

Hapa baraza lilinyamaza, nami naomba ruhusa ya msomaji niingie kwa maneno yangu mwenyewe, kwa kuwa naona kwamba kiini cha mjadala wote kiko katika sehemu ile nyeupe ya ramani. Mchora njia aliye mwema, asiyetaka kumwonea mtu, huitafuta ardhi isiyo na mdai. Na ardhi isiyo na mdai katika miji yetu ya mwambao aghalabu ni makaburi ya zamani, au kisima cha wakfu, au mzimu penye mbuyu, au gofu la msikiti. Wema wake ndio unaompeleka huko. Hakuna dhuluma aliyoikusudia, bali amepima gharama kwa kipimo kimoja, kipimo cha fidia, na maiti hawajazi fomu za fidia. Ndiyo maana siamini kwamba jambo hili laweza kuachwa kwa huruma ya mtu mmoja mmoja, awe mwema namna gani; lataka utaratibu unaomlazimisha kila mwenye ramani kuuliza, kabla ya kuweka bikoni ya kwanza, kwa nini pahali hapa ni pahali wazi.

Nimeyaona mwenyewe makaburi ya Kunduchi, yale yenye nguzo ndefu ambazo waliozijenga walizipamba kwa bakuli za kaure kutoka China, zikitazama upande wa bahari kama macho. Bakuli nyingi hazipo sasa. Yamebaki matundu ya duara katika chokaa, na nyumba za jiji zimesogea kila mwaka. Nilisimama pale nikafikiri kwamba makaburi haya, yenye nguzo na chokaa, yanayoonekana na kipofu kwa kupapasa, yamefikwa na haya. Basi yatakuwaje yale yasiyo na hata kokoto?

Aliyefuata kusema alikuwa mwanamke aliyestaafu kazi ya ukunga, na ambaye nusu ya waliokuwapo mkekani ilikuwa imepita mikononi mwake.

BIBI MKUNGA: Nawaheshimu waliolala. Lakini na mimi ninao wangu. Nilikuwa na mzazi katika mtaa huu huu, damu ilianza kumtoka saa nane za usiku. Gari la wagonjwa lilikuja, halikukawia, likasimama barabarani pale kwenye lami, dereva akanipigia simu: mama, nimefika, mko wapi? Tuko huku ndani! Tulimtoa kitandani tukamlaza juu ya mlango uliong'olewa, vijana wanne wakambeba. Katika kona ya pili mlango haukupita. Ikabidi wausimamishe ubavu, na yeye amefungwa kwa kanga asianguke. Mtoto yuko hai, leo yuko darasa la tano. Mama yake hakuvuka asubuhi. Ninyi mnasema tathmini. Mimi nauliza, tathmini siku ngapi? Niambieni idadi, nihesabu na wazazi wangapi watajifungua ndani ya siku hizo. Maana nimeziona tathmini. Anakuja mtu na kalamu, anaondoka na kalamu, mwaka unapita, anakuja mwingine anauliza maswali yale yale.

MJUZI WA MAMBO YA KALE: Bibi, swali lako ni la haki, nami sitalikimbia, lakini nipe nafasi nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa kuwa watu wengi hudhani ya kwamba sisi huja kuzuia, ilhali kazi yetu, ikifanywa kwa wakati wake, ni fupi. Kwanza husoma: ramani za Wajerumani, daftari za misheni, ripoti za waliochimba zamani. Pili hutembea, watu kadhaa katika mistari iliyo sambamba, macho chini, tukiokota vigae vya vyungu, shanga na vipande vya kaure, maana udongo wa mwambao hutapika siri zake kila mvua inaponyesha. Tatu huwauliza wazee, nao hutuonesha yasiyookoteka. Nne, penye shaka, huchimba mashimo machache ya majaribio, ya mita moja kwa moja, kwa mwiko na brashi, tabaka baada ya tabaka, kwa sababu umri wa kitu haumo katika kitu peke yake, umo katika tabaka kilimolala. Kijiko cha mkandarasi kikisha kulivuruga tabaka kwa dakika tano, hakuna elimu duniani itakayolipanga tena. Kwa njia fupi kama hii, wiki tatu zatosha, na kuandika ndani yake. Kinachokula mwaka si kazi hii, Bibi. Kinachokula mwaka ni kuitwa tumechelewa, greda limekwisha fika, mifupa imekwisha tokea, watu wamekwisha kasirika, mkandarasi anadai fedha za mitambo iliyolala, na kila ofisi inaogopa kutia sahihi.

WAKILI: Naongeza kwamba sheria zipo, ila kila moja ina jicho lake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda kwa nguvu yake yenyewe majengo na vitu vilivyofanywa na watu kabla ya mwaka 1863. Hulinda hata mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1940. Na anayevumbua kitu cha kale ana wajibu wa kukitolea habari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na utamaduni umo katika hesabu hiyo. Lakini njia ndogo ya mtaa, ambayo mara nyingine hujengwa kwa mchango wa wananchi na greda la kuazima, ni rahisi kupenya kati ya matundu ya wavu. Kisha iko sheria ambayo wengi hawaijui, ya mwaka 1969, ya kuhamisha makaburi. Ardhi ikitakiwa kwa manufaa ya umma, makaburi yaweza kuhamishwa, lakini ni lazima tangazo litolewe, na jamaa wa marehemu walipwe gharama ya kufukua, ya kusafirisha na ya kuzika upya, pamoja na gharama ya matambiko na ibada zinazohusika. Waliotunga sheria hiyo walifahamu kwamba kaburi si shimo.

MZEE WA MJI: Na asiye na jamaa?

WAKILI: Asiye na jamaa, mzee, hana wa kulisoma tangazo.

MZEE WA MJI: Basi hapo ndipo pangu. Sikilizeni. Mwaka 1874, mwezi wa Februari, maiti ya Livingstone iliingia mji huu, imebebwa na watumishi wake, akina Susi na Chuma, kutoka huko Chitambo alikofia, mwendo wa miezi. Ililala misheni usiku mmoja, kisha ikapakiwa melini. Kwa usiku huo mmoja, mnara una jina lake mpaka leo, na wageni huja kuupiga picha. Simwonei kijicho. Lakini wako maelfu waliotembea njia ile ile na pembe mabegani, na usiku wao katika mji huu haukuwa mmoja, ndio wamelala mpaka leo. Tena ni katika njia hiyo hiyo alikopita Sheikh Ramiya, aliyeletwa kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa, akafa mwaka 1931 akiwa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, mwenye kuheshimiwa na waungwana wa mwambao mzima, na jina lake lasomewa fatiha mpaka leo. Wale wa pale uwanjani walikuwa wenziwe. Yeye Mungu alimpa umri, hao hawakupewa. Jamaa zao ni nani kama si mji uliokula jasho lao?

Sikuona mtu aliyekuwa na jawabu. Hata Mhandisi aliweka kalamu yake chini, na nadhani kwamba kama mjadala ungekwisha hapo, wote wangeondoka wakiwa wamekubali kwamba njia isijengwe, na mtaa ungebaki kama ulivyo mpaka moto uje uamue. Hilo nalo lingekuwa kosa kubwa, na nalisema wazi kwa kuwa nimewasikia wapenzi wa mambo ya kale wakiridhika na ushindi wa namna hiyo. Ushindi unaomwacha mama mwenye damu juu ya mlango si ushindi wa utamaduni. Waliolala pale walikufa kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyehesabu uhai wao kuwa na thamani. Hawatukuziwi kwa kuongezewa majirani.

Aliyelifungua fundo alikuwa kijana wa bodaboda, ambaye mpaka wakati huo alikuwa amesimama nje ya mkeka, kwa adabu, kofia yake ya pikipiki kwapani.

KIJANA: Samahanini wazee, shikamooni. Mimi naomba niulize tu, kwani ile njia ya punda ilikwenda wapi?

MHANDISI: Njia ya punda ipi?

KIJANA: Babu yangu alikuwa akichota maji kwa punda kutoka kile kisima, anauza mjini. Alisema njia ilikuwa haikatizi uwanja, ilizunguka kwa huku, inapita nyuma ya ile nyumba ya ghorofa mpya, inatokea kwenye lami. Upana wake punda wawili na mikokoteni yao. Ukuta wa ile nyumba umekaa juu ya njia. Na yale mabanda mawili ya chipsi pia. Mimi nikipeleka abiria usiku napita pembeni mwa ule ukuta, na ukitazama chini unaona mawe ya zamani yaliyopangwa.

MZEE WA MJI: Kweli kabisa. Kweli! Ilikuwa njia ya kisima. Nimepita mimi.

Mhandisi aliiweka taa karibu na ramani, akapima kwa vidole, akapima tena. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mstari wa huko ungekuwa mrefu kidogo lakini kona zake ni mbili tu, na kwamba yeye hakuufikiri kwa sababu palikuwa na ukuta na mabanda, na ukuta una mwenyewe, na mabanda yana wenyewe, na katika bajeti aliyopewa safu ya fidia ilikuwa tupu.

BIBI MKUNGA: Kwa hiyo tulitaka kuwapitia juu maiti kwa sababu hawana ukuta.

MHANDISI: Bibi, usinihukumu.

BIBI MKUNGA: Sikuhukumu, mwanangu. Najihukumu na mimi, maana nilikuwa tayari.

Nimeyarudia maneno haya mara nyingi moyoni mwangu. Watu hudhani kwamba uchunguzi wa athari kwa urithi ni orodha ya makatazo, kumbe faida yake iliyo kubwa ni kuvumbua njia. Mji uliokaa miaka mingi una maarifa ya mwendo: walioutangulia walikwisha kujua maji hutuama wapi, upepo hupita wapi, mzigo mzito hupita wapi bila kuzama, na wafu walazwe wapi wasikanyagwe. Anayewauliza kwa kutembea na wazee wao hupata pengine njia iliyo bora kuliko ile aliyoichora ofisini. Na asiyeuliza hulipa. Huko Lamu, kwa ndugu zetu wa mwambao wa Kenya, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua tarehe 30 Aprili 2018 kwamba ujenzi wa bandari mpya ulivunja haki za wenyeji, na haki ya utamaduni wao ikatajwa waziwazi miongoni mwa hizo, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Bandari ile ni kubwa na njia yetu ni ndogo, sikatai. Lakini mwenye kuulizwa kabla na mwenye kuulizwa baada ni watu wawili mbalimbali, katika kubwa na katika dogo. Na huko Uganda, lilipojengwa bwawa la Bujagali juu ya Mto Nile, lililozinduliwa mwaka 2012, yalifanywa matambiko ya kuihamisha mizimu ya maporomoko yale, na Wasoga, wenyeji wa hapo, wakahitilafiana wenyewe kama mizimu huhamishika. Mambo ya namna hiyo hayaamuliwi kwa haraka ya siku ya mwisho, greda likinguruma.

Mjadala ulirudi kwenye swali la Bibi Mkunga, kwa kuwa yeye hakukubali liachwe. Alitaka idadi ya siku, na Mjuzi alisema siku 21, na Wakili aliandika 21 juu ya karatasi, na Bibi alitaka iandikwe pia kwamba zikipita bila jawabu wao wataandamana mpaka kwa mkuu wa wilaya wakiwa na ule mlango. Kijana alitaka kujua kama wakati wa kungoja hakuna litakalofanyika, watu waendelee kubebwa. Mhandisi akajibu kwamba mabomba mawili ya maji ya kuzimia moto yaweza kuwekwa ukingoni mwa lami bila kugusa uwanja, na kwamba kona ya pili, ile iliyokataa mlango, ni ukuta wa uani wa nyumba ya mtu mmoja aliye hai na anayejulikana, aombwe kesho autoe nusu mita. Mtu huyo alikuwa amekaa pale pale mkekani. Alitikisa kichwa kukubali, akamtazama Bibi Mkunga, akasema kwamba hakuwa akijua kuwa ni kona yake.

Lilibaki suala la Mzee, aliyetaka ahadi moja tu: kwamba hata njia ikizunguka uwanja, siku ya kuchimba mtaro awepo mtu wa Mambo ya Kale amesimama kando ya kijiko kutoka asubuhi hata jioni, na kikiinua mfupa kisimame, na asiitwe mkandarasi kwanza, aitwe yeye.

MHANDISI: Hilo naliandika katika mkataba. Na kesho, mzee wangu, tuipite njia yote kwa miguu, mimi na wewe na Mjuzi, kabla jua halijawa kali. Sitakuja na rangi wala bikoni, nitakuja na daftari.

MZEE WA MJI: Baada ya sala ya alfajiri.

MHANDISI: Utaweza kutembea yote?

MZEE WA MJI: Huyu kijana atanichukua kwa pikipiki yake.

KIJANA: Nitakufikisha mpaka ukutani, babu. Kutoka hapo tutakubeba.